Ukraine walichangiwa mamilioni kwa kripto, sisi mafuriko yakija bado ni namba ya simu. Kwa nini?

#1 Mtoto wa Mkondoa
Wakuu, salaam. Mimi ni mweka hazina wa umoja wetu wa wana-Kilosa tunaoishi mbali na nyumbani. Tupo mia na arobaini na kitu. Wengi wako Dar na Dodoma, na kama thelathini wako nje: Oman, Kanada, Uingereza. Mnajua mto wetu. Kila unapopanda tunaanza upya: namba ya simu kwenye kundi la WhatsApp, picha za nyumba zilizolala, "jamani tuguswe", na hela inafika wakati watu wameshahamia kwenye madarasa ya shule. Safari hii tumesema mfuko uwepo kabla ya mvua.

Sasa kijana wetu mmoja wa Toronto ameshikilia tufungue pochi ya USDT, sarafu ya kripto inayofuata bei ya dola. Hoja yake ni Ukraine. Anasema tarehe 26 Februari 2022, siku mbili baada ya Urusi kuvamia, serikali yao iliweka Twitter anwani mbili tu, moja ya Bitcoin na moja ya Ethereum, na ndani ya siku chache dola milioni 100 zikaingia. Wazee wetu waliowahi kuunguzwa na upatu hawataki hata kulisikia neno lenyewe.

Mimi siko upande wowote. Nauliza tu: kwa nini kule ilikubali? Na kilichofanya ikubali kule, sisi tunacho?

#2 Chumvi Kidogo
Navuta kigoda. Wajuzi waje, mimi nimeleta karanga.

#3 Karani Mstaafu
Mleta uzi, kijana wako kaongeza chumvi. Tarehe ni sahihi, anwani mbili ni sahihi. Lakini milioni 100 haikuwa ya siku chache, ilichukua wiki kama mbili kukaribia hapo. Na hapo wanajumlishwa serikali na mashirika binafsi. Mfuko wa serikali wenyewe, ule wa Aid for Ukraine, ulivuka milioni 60.

Kuhusu "kwa nini": tangazo lilitoka kwenye akaunti ya nchi, likarudiwa na waziri wao wa mambo ya kidijitali wa wakati ule, Mykhailo Fedorov. Hata hivyo watu saa za mwanzo walisita, wakaulizana kama akaunti imedukuliwa. Walipothibitisha ni yenyewe, ndipo mlango ukafunguka. Ninyi mna nini cha kuthibitishia? Picha ya mweka hazina na kofia?

#4 Mtoto wa Mkondoa
Hahaha, kofia ninayo mkuu. Asante kwa masahihisho.

#5 Baridi Kali
Mimi ndiye kijana wa Toronto. Nimeona niingie mwenyewe maana naona nasemwa.

Mzee Karani, sawa kuhusu hesabu. Ila mlango wa serikali peke yake hautoshi. Angalieni nani alichangia. Gavin Wood, mwanzilishi wa mtandao wa kripto wa Polkadot, aliwaambia hadharani: wekeni anwani ya DOT, sarafu ya mtandao huo, nami nitatoa dola milioni 5. Wakaweka. Akatuma tokeni za thamani ya milioni 5 na ushei. Mtu mmoja huyo! Kuna waliounda tokeni ya picha ya bendera ya Ukraine, ikanunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Kuna aliyetoa CryptoPunk nzima, zile picha za kidijitali za bei kubwa.

Kwa Marekani kuna la kodi pia. Ukinunua Bitcoin kwa dola 1,000 ikafika 40,000, ukiiuza unakatwa kodi ya faida. Ukiitoa yenyewe kwa shirika la hisani lililosajiliwa, hukatwi hiyo kodi, na kama umeishika zaidi ya mwaka mmoja unapunguziwa kodi kwa bei ya siku ile ya kutoa. Kwa hiyo tajiri wa kripto akiguswa moyo, mfuko nao unamwambia "toa". Ndiyo maana kampuni kama The Giving Block, iliyoanza 2018, zimekaa hapo katikati kusaidia mashirika kupokea.

#6 Fundi Bati
Baridi Kali, kwa maneno yako mwenyewe basi hoja imekufa. Wana-Kilosa thelathini wa nje, nani kati yenu ana Bitcoin iliyopanda mara 40? Wewe?

#7 Baridi Kali
Fundi, mimi nina baridi tu.

#8 Bi Mwanashamba
Mnazunguka mbuyu. Ukraine ilichangiwa kwa sababu ilikuwa kwenye televisheni asubuhi, mchana na usiku, na waliokuwa wanakimbia walifanana na wenye pochi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya mlima Hanang yalishuka yakaifunika Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Nani Twitter aliomba anwani ya Katesh? Teknolojia ilikuwepo ile ile. Kilichokosekana ni jicho la kututazama.

#9 Karani Mstaafu
Bi Mwanashamba, nakuheshimu, lakini India inakupinga. Aprili 2021, Covid ilipokuwa inawamaliza Delhi watu wakitafuta mitungi ya oksijeni, Sandeep Nailwal wa mtandao wa kripto wa Polygon alianzisha mfuko wa kripto. Mei, Vitalik Buterin wa Ethereum akawatumia tokeni za Shiba Inu trilioni 50, zilizokuwa na thamani ya kama dola bilioni 1 kwenye karatasi. Sioni kama Wahindi wanafanana na Vitalik.

#10 Fundi Bati
Malizia hadithi mzee, usitukatie utamu. Hizo Shiba Vitalik hakuzinunua. Wenye tokeni walimrundikia nusu ya zote bila kuombwa, wapate kutangaza kwamba Vitalik anazo. Yeye akaona bora aziondoe. Habari zilipotoka tu bei ikaporomoka, maana kila mwenye Shiba alijua mfuko wa India utauza. Bilioni ikabaki karatasini, wakaambulia mamia ya milioni kwa kuuza kidogo kidogo.

Halafu kilichofuata ndicho kinachomhusu mleta uzi. Pesa ipo, wagonjwa wapo, na pesa haitoki. India ina sheria ya michango ya kutoka nje, lazima anayepokea awe na usajili maalumu, na hesabu zake zikaguliwe hivi na vile. 2022 walimrudishia Vitalik dola milioni 100 azipeleke mwenyewe haraka kwenye tafiti za Covid. Fikiria: unachangiwa maafa, halafu unamrudishia mchangaji chenji ya milioni 100 kwa sababu yeye ana mikono mirefu kuliko wewe.

#11 Chumvi Kidogo
Umoja wetu ukirudishiwa chenji ya elfu kumi tu tunagombana mpaka msibani.

#12 Shangazi wa Muscat
Assalamu alaykum wanangu. Mie nimo humo kwenye thelathini wa mleta uzi. Swali langu dogo. Mie natoa sadaka yangu riali ishirini leo, naijua ni ishirini. Hiyo Bitcoin yenu nikitoa leo, kesho imekuwa kumi, aliyepata thawabu ya hizo kumi nyengine nani?

#13 Baridi Kali
Shangazi, ndiyo maana nimesema USDT na si Bitcoin. USDT moja hukaa karibu na dola moja. Ukraine wenyewe walilijua hilo. Siku wanatangaza, Bitcoin ilikuwa karibu dola 39,000. Juni mwaka ule ule ilishuka chini ya 20,000. Walioibadilisha mapema wakanunua kofia za chuma na fulana za kuzuia risasi waliokoka.

#14 Mpiga Ramli
Na aliyekuwa anawabadilishia alikuwa nani? FTX, lile soko la kripto! Novemba 2022 ikafilisika. Jumlisheni wenyewe.

#15 Karani Mstaafu
Mpiga Ramli, jina lako linakufaa. FTX ilikuwa njia ya kugeuza kripto kuwa fedha na kuipeleka Benki Kuu ya Ukraine, pamoja na kampuni ya Everstake na soko la kripto la kwao liitwalo Kuna. Ukraine wakasema hawakuweka akiba FTX. Kuanguka kwa njia hakumaanishi mzigo ulikuwa bado barabarani.

#16 Mpiga Ramli
Nimesema jumlisheni. Sijasema jibu.

#17 Pwani Ndani
Habari zenu majirani. Niko Mombasa. Naona mwauliza swali kinyume. Si "kwa nini wao waliweza kripto", ni "kwa nini waliihitaji". Vita vilipoanza benki kuu yao ilibana ubadilishaji wa fedha za kigeni. Jukwaa la michango la Patreon likalifungia shirika la Come Back Alive kwa kuwa lanunulia jeshi vifaa. Njia za kawaida zilipozibwa watu wakapita dirishani. Nigeria vivyo hivyo Oktoba 2020, wakati wa maandamano ya #EndSARS dhidi ya ukatili wa polisi: kikundi cha wanawake cha Feminist Coalition walibanwa njia za benki, wakahamia Bitcoin.

Sisi mlango wetu uko wazi. 2011, njaa ya kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 kwa wiki nne na lengo likapitwa. Mtu atuma shilingi kumi kwa M-Pesa akiwa kwenye matatu. Hiyo ndiyo kripto yetu, na nyanya yangu aijua.

#18 Bi Mwanashamba
Pwani Ndani, nyanya wako anaijua kwa sababu yuko Kenya. Shangazi wa Muscat akituma kwa kampuni za kutuma fedha anakatwa huku, anakatwa kwenye bei ya kubadilisha, na huku mpokeaji anakatwa kutoa. Baridi Kali hasemi uongo kwenye hilo.

#19 Nyakato wa Bukoba
Mnasema "mlango uko wazi", mlango gani? Mimi nilikuwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016. Saa tisa na nusu alasiri, Jumamosi. Nilikuwa natoa nguo kambani, kamba ikawa inacheza na upepo haupo. Nilipogeuka, ukuta wa jikoni umelala juu ya majiko, vumbi jekundu limejaa uani na kuku wamenyamaza kimya, hakuna hata mmoja aliyelia.

Michango ilikuja, nchi nzima ilichanga. Kabla ya mwezi kwisha tukasikia viongozi wa mkoa wameondolewa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Akaunti ya benki hiyo, si kripto! Kwa hiyo anayeniambia pochi ambayo kila mtu anaona kilichoingia na kilichotoka, mimi namsikiliza. Ningekuwa na kitu cha kuangalia mwenyewe kwenye simu siku zile, ningeangalia.

#20 Fundi Bati
Dada Nyakato pole sana. Lakini ungeona nini? Ungeona 5,000 zimetoka kwenye pochi kwenda kwa mtu anayezinunua. Hapo blokcheni, lile daftari la wazi la miamala ya kripto, inaishia. Shilingi zikishaingia kwenye simu ya mtu, unarudi kulekule kwa kuamini risiti. Mimi nauza bati. Nimeandika risiti za kila aina, za kweli na za "andika tu fundi". Mtandao wa Tron, mmoja wa inayopitisha USDT, haujui kama bati ni geji 28 au geji 30.

#21 Nyakato wa Bukoba
Ahaa, kumbe wewe ndiye wa "andika tu".

#22 Fundi Bati
Nimeokoka tangu 2018, tuendelee na mada.

#23 mgeni_08
Naomba kuuliza, pochi ni ile ya kuweka mfukoni au?

#24 Baridi Kali
Ni programu ya simu. Unapewa anwani, herufi na tarakimu zilizochanganyika, ya USDT kwenye Tron ina 34 na inaanza na T. Hiyo unampa kila mtu. Na unapewa maneno 12 ya siri. Hayo humpi mtu, hata mkeo. Hata mimi.

#25 Shangazi wa Muscat
Sasa mweka hazina akifa?

#26 Mtoto wa Mkondoa
Shangazi! Nipo hapa nakusoma.

#27 Karani Mstaafu
Swali la Shangazi ndilo la maana kuliko yote yaliyoulizwa humu. Kikundi chetu cha kuzikana kilikuwa na mzee aliyeshika laini ya kikundi na namba ya siri peke yake. Alipofariki tulikwenda ofisi za mtandao na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji, tukazungushwa miezi minne, lakini pesa tulipata. Maneno 12 yakizikwa na mtu, hakuna ofisi ya kwenda.

#28 Baridi Kali
Mzee, kuna pochi za sahihi nyingi. Mnaweka watu watatu, haitoki mpaka wawili wakubali. Kama watia sahihi wa benki.

#29 Karani Mstaafu
Na hao watatu wote wajue kutunza maneno 12. Katibu wetu alisahau namba ya siri ya barua pepe ya umoja mara mbili mwaka jana.

#30 Kijana wa Magomeni
Niwape kisa changu. Desemba ile ya Hanang tulichangishana ofisini na marafiki wa nje. Rafiki yangu wa Dubai akatuma USDT 300. Soko la kripto nilikokuwa na akaunti lilinipa anwani ya T nikampa. Kule kwake programu ikakataa mtandao aliochagua, akaniomba nyingine, nikampa ya Ethereum, inayoanza na 0x. Yeye akaona mtandao wa BNB una ada ndogo, na anwani za kule nazo zinaanza na 0x, akatuma huko. Ikasema imefanikiwa. Kwangu haijaingia. Soko likasema tokeni ya mtandao ule hawaipokei kwenye anwani ile. Nimeandikiana nao wiki tatu, kila siku mhudumu mpya, kila mhudumu anaanza na "pole kwa usumbufu". Mablanketi ya Katesh nilitoa mfukoni.

#31 Mpiga Ramli
Blokcheni inaonyesha kila kitu. Ilikuonyesha?

#32 Kijana wa Magomeni
Naiona mpaka leo. 300 zimekaa pale. Kama kumuona mbuzi wako ng'ambo ya mto.

#33 mtaalam_recover_77
Habari ndugu, nilipoteza USDT 4,000 nikasaidiwa na mtaalamu akazirudisha zote ndani ya saa 24. Njoo inboksi nikupe namba yake.

#34 Chumvi Kidogo
Hao hao! Wamesikia harufu. Kijana wa Magomeni usiende, atakuomba "ada ya kufungulia" na utakuwa umechangia mafuriko ya kwake.

#35 Msimamizi Zamu
Akaunti ya #33 imefungiwa. Nauacha ujumbe wenyewe ili watu waone unavyofanana.

#36 Bi Mwanashamba
Na hili ndilo linalonitisha zaidi. Tetemeko la Uturuki, 6 Februari 2023. Kulikuwa na mfuko wa kweli, Ahbap wa mwanamuziki Haluk Levent, ulipokea kripto kwa uwazi. Lakini pembeni kukazuka pochi kibao za bandia. Kuna picha ilisambaa ya mzimamoto kambeba mtoto kwenye kifusi, watu wakalia machozi. Ilikuwa ya akili mnemba. Mkono wa mzimamoto ulikuwa na vidole sita. Hapo chini ya picha: anwani.

#37 Chumvi Kidogo
Kidole cha sita ndicho cha kupokelea.

#38 Fundi Bati
Hata kwa Ukraine, tusisahau tamaa. Mwanzoni mwa Machi 2022 walitangaza kwamba waliochangia watapewa tokeni za zawadi, na wakataja saa ya mwisho ya kuhesabu. Weee! Vikaanza kumiminika vidola viwili, vitatu, watu wapate nafasi. Kesho yake Fedorov akafuta zawadi. Kabla hajafuta, kuna mjanja alishatengeneza tokeni feki ionekane imetoka kwenye pochi ya serikali. Kwa hiyo sehemu ya lile "wimbi la huruma" ilikuwa foleni ya ofa.

#39 Baridi Kali
Fundi, hivyo vidola viliongeza idadi ya miamala, si kiasi cha pesa. Kiasi kililetwa na wakubwa wachache. Hoja yangu ya #5 imesimama.

#40 Bi Mwanashamba
Na yangu ya #8 imesimama pia. Hao wakubwa wachache waliangalia wapi? Uturuki kulikufa makumi elfu ya watu na kripto haikufika kule kwa Ukraine.

#41 Pwani Ndani
Na yangu ya #17 haijakaa chini.

#42 Chumvi Kidogo
Basi zote zimesimama, karanga zimeisha.

#43 Pwani Ndani
Nikiwa nimesimama hivyo hivyo, niwaambie kisa cha hapa kwetu. 2013 mtaa wa Bangladesh, hapa Mombasa, walitengeneza vocha zao zaitwa Bangla-Pesa, mama wa mandazi amlipa fundi cherehani bila shilingi. Wakakamatwa kwa shaka kwamba watengeneza noti! Baadaye kesi ikafutwa. Waanzilishi, Grassroots Economics, baadaye wakaigeuza iwe Sarafu, ya simu ya kitochi na blokcheni nyuma yake. Wakati wa Covid Msalaba Mwekundu wa Kenya wakaitumia Mukuru kule Nairobi. Mama wa mandazi hakujua neno blokcheni na hakulihitaji.

#44 Karani Mstaafu
Hiyo si kuchangisha, ni kugawa. Tusichanganye. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) nao 2017 walipeleka mfumo wao wa blokcheni, Building Blocks, kwenye kambi ya Azraq, Jordan. Mkimbizi wa Syria alikuwa anaangalia kamera dukani, inasoma mboni, salio linakatwa, na ada za benki zikapungua. Watu wanasema "WFP wanagawa kripto". Hapakuwa na kripto pale, lilikuwa daftari la mahesabu tu.

#45 Pwani Ndani
Kugawa ndiko kugumu mzee wangu. Kuchangisha hata mwizi aweza.

#46 Baridi Kali
Nakubaliana na Pwani Ndani kwa mara ya kwanza. Mwisho wa 2017 kulikuwa na mtu asiyejulikana, akijiita Pine, alitoa Bitcoin za dola milioni 55 kwa mashirika 60, akaita Pineapple Fund. GiveDirectly walipata milioni 5. Hao ndio wanaowatumia watu pesa taslimu Kenya, Uganda, Rwanda. Mwanakijiji wa Siaya anayelipwa na GiveDirectly anapokea ujumbe wa M-Pesa. Kripto mbele, M-Pesa nyuma. Hicho ndicho ninachokipendekeza, sikusema bibi wa Kilosa afungue pochi!

#47 Karani Mstaafu
Na sheria? Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi haziruhusiwi, fedha halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza akaiambia Benki Kuu ijiandae na mabadiliko hayo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Sasa mweka hazina aandike nini kwenye taarifa kwa msajili? Kitu kinachotozwa kodi na hakijaruhusiwa. Kenya angalau wana sheria ya watoa huduma ya 2025.

#48 Mpiga Ramli
Kinachotozwa kodi na hakijaruhusiwa: gongo ilikosa bahati tu.

#49 Mtoto wa Mkondoa
Wakuu, jana usiku mimi na Baridi Kali tumejaribu kwa vitendo. Nawaletea kama ilivyokuwa.

Saa 3:12 usiku kanitumia USDT 20. Soko lake lilimkata dola moja juu yake. Saa 3:14 simu yangu ikatetemeka, zimeingia. Sikatai, nilishtuka. Toronto hadi Tabata dakika mbili, mke wangu akauliza nacheka nini.

Kuzitoa sasa. Nikaingia P2P, mtu kwa mtu. Mnunuzi wa kwanza akaniambia ameshalipa, akaweka skrinishoti, ujumbe wa simu sijaona. Nikamwambia sijaona. Akaandika kwa herufi kubwa ACHIA SARAFU. Sikuachia, akapotea. Wa pili akalipa kweli, elfu arobaini na tisa na ushei, lakini jina la laini iliyotuma si jina lililo kwenye soko. Nikaganda dakika kumi nikijiuliza hizo hela ni za nani. Baridi Kali kanipigia, kasema nizirudishe, nisiuze kwa asiye na jina lake. Nikarudisha, na makato ya kurudisha juu yangu. Wa tatu ni binti mmoja wa Mwanza, jina limelingana, akalipa, nikaachia. Saa 5:40 usiku.

Kwa hiyo: kuingia dakika mbili, kutoka saa mbili na nusu. Na hizo ni 20. Zikiwa 5,000 na watu wanalala darasani?

Nyingine: leo asubuhi nimefungua pochi nakuta muamala wa USDT 0 kutoka kwa nisiyemjua. Anwani yake ina herufi nne za mwanzo na nne za mwisho sawasawa na za Baridi Kali. Ni nini hiki?

#50 Baridi Kali
Usiiguse! Hiyo ni mitego. Wanatengeneza anwani inayofanana na ya mtu uliyefanya naye muamala, wanatuma sifuri ili ikae kwenye historia yako. Siku unataka kunirudishia pesa unanakili ya juu kabisa bila kusoma katikati. Imekwenda.

#51 Nyakato wa Bukoba
Jina linalofanana na la kweli. Hii nimeshaiona mahali, 2016.

#52 Fundi Bati
Hahaha dada Nyakato umemaliza. Mleta uzi, mwenye duka la vifaa hapo mjini Kilosa nimemuuliza kama anapokea USDT. Kaniuliza ni geji ngapi.

#53 Shangazi wa Muscat
Mwanangu mweka hazina, mie yangu riali ishirini namtumia Baridi Kali, yeye azigeuze kwa njia anayoijua. Zikipotea namdai yeye, na mamake namjua.

#54 Baridi Kali
Shangazi hiyo siyo nilichopendekeza.

#55 Mtoto wa Mkondoa
Ndicho kitakachopita kikaoni lakini, naona. Asanteni wote. Kikao ni Jumamosi, nitaleta mrejesho.

#56 Chumvi Kidogo
Mrejesho wa uzi wako wa kuku wa kienyeji tunausubiri tangu mwaka juzi.